Tuwaite wachongaji waingie kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja ambayo kwa muda mrefu nimeizungumza barazani tu na wakulima wenzangu wa Hombolo. Hoja yenyewe ni kwamba mkoa wetu wa Dodoma, unaojulikana nchi nzima kwa zabibu, uandae maonyesho ya vinyago na sanamu ndani ya mashamba, nje kabisa, juani na upeponi, katikati ya mistari ya mizabibu. Na vinyago hivyo visinunuliwe dukani vikaja kupangwa. Mchongaji aje mwenyewe, alitembee shamba, achague mahali pake, ndipo achonge.

Nalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu utalii wa zabibu siku hizi unazungumzwa kila mahali hapa Dodoma, na ni jambo jema, ila sanaa inatajwa mwishoni kabisa, baada ya vyoo na maegesho ya magari. Kutakuwa na ngoma ya kukaribisha wageni, wanasema, na meza ya vinyago pale getini. Nimefundisha sanaa sekondari sehemu kubwa ya maisha yangu kabla ya kustaafu na kurudi shambani, na wanafunzi wangu kadhaa waliishia nyuma ya meza kama hiyo. Ndiyo inayomfanya kijana mwenye kipaji achonge twiga yule yule kwa kipimo kile kile mwaka hadi mwaka, kwa kuwa mgeni anataka kitu kitakachoingia kwenye begi lake. Mkono unazoea, jicho linalala. Baada ya miaka mitano ukimwambia kijana huyo achonge anachokitaka mwenyewe, anakuuliza saizi gani.

Maonyesho ya aina ninayoisema niliyaona kusini mwa Ufaransa mwaka 2018, nilipokwenda kumtembelea binti yangu ambaye ni muuguzi Marseille. Shamba linaitwa Château La Coste, liko katika kijiji cha Le Puy-Sainte-Réparade, kaskazini mwa mji wa Aix-en-Provence. Ni shamba la mvinyo kweli kweli, siyo bustani iliyopandwa mizabibu kwa urembo. Mmiliki wake, Paddy McKillen kutoka Ireland, alilifungua kwa watazamaji wa sanaa mwaka 2011. Unalipa kiingilio, unapewa ramani, halafu unatembea kwa miguu kama saa mbili, kupanda na kushuka, ukipita mizabibu, mizeituni na msitu mdogo wa mialoni. Kazi za sanaa unazikuta njiani. Nyingine huzioni mpaka umefika karibu nazo.

Mwanzo wa safari kuna jengo la zege na vioo alilolichora msanifu majengo Tadao Ando wa Japani, na mbele yake maji ya kina kifupi yaliyotulia. Juu ya maji hayo amesimama buibui mkubwa wa mchongaji Louise Bourgeois, miguu imekunjwa. Familia ya mama huyo ilikuwa na karakana ya kukarabati mazulia ya kale ya ukutani, na yeye buibui alimchonga kwa kumkumbuka mama yake, mtu wa uzi na subira. Pembeni kuna kazi ya Alexander Calder, ya bati zilizopakwa rangi, ambayo huzunguka upepo ukivuma. Mbele zaidi, kwenye mteremko, Richard Serra amefukia mabamba matatu ya chuma kilichoshika kutu, kingo zake tu zikitokeza ardhini, na ukisimama chini ukayatazama unaona jinsi kilima kinavyoteremka, jambo ambalo macho yalikuwa hayajaliona kabla ya chuma kuwekwa. Msituni kuna mbweha wa Michael Stipe, yule mwanamuziki wa Marekani. Wengine sitawataja, orodha ni ndefu.

Lakini kazi moja ilinishika kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nirudi nyumbani na hoja hii. Aliifanya Andy Goldsworthy wa Uingereza mwaka 2009, inaitwa Oak Room. Kwa nje huoni kitu ila ukuta wa mawe unaoshikilia ardhi ya mteremko, ukuta wa shamba wa kawaida, na ndani ya ukuta huo uwazi wa mlango. Unaingia. Giza. Unasimama kidogo mpaka macho yazoee, halafu unaanza kuona kwamba umezungukwa na vigogo vya mwaloni vilivyofumwa, kimoja kimelala juu ya kingine, vikizunguka na kupanda mpaka vikakutana juu na kufanya kuba. Mwanga ni ule unaoingia mlangoni tu. Niligusa vigogo vile kwa kiganja, nikanusa mti. Binti yangu aliniita mara mbili tutoke, sikutoka.

Nilichokuwa nikikiwaza mle ndani ni tembe. Sisi tuliokulia Ugogo tunaijua nyumba ile: miti iliyosimamishwa, miti iliyolazwa juu yake, fito, kisha udongo, paa bapa, mlango wa kuinama, na ndani giza lenye ubaridi wakati nje jua la Oktoba linachoma. Mafundi wa tembe bado wapo, ingawa wamezeeka na kazi hawana, maana kila mtu sasa anaezeka bati. Fundi wa tembe angeingia kwenye chumba kile cha Ufaransa asingehitaji maelezo ya mtu. Angetazama jinsi mti unavyobeba mti na angejua mahali ambapo mjenzi alipata shida. Sasa najiuliza kwa nini ujuzi wa jinsi hiyo Ufaransa uitwe sanaa, watu walipe kiingilio kuuona, na hapa uitwe umaskini.

Utaratibu wa La Coste ndio ninaoutaka kwetu. Msanii hualikwa kwanza kutembelea shamba. Anatembea, anapumzika, anarudi, anachagua mahali, na kazi inatengenezwa kwa ajili ya mahali hapo. Ndiyo maana mabamba ya Serra yanasema jambo kuhusu kilima kile na si kilima kingine. Na kilimo hakisimami. Tukiwa tumesimama tunatazama, trekta lilipita kati ya mistari na dereva wake akatupungia mkono, akaendelea na kazi. Watu wa shamba wanaziona kazi zile kila siku, asubuhi na jioni, kiangazi na baridi, kuliko mtazamaji yeyote aliyetoka Paris.

Najua nitaambiwa kwamba yule ni tajiri na majengo yake yamechorwa na watu maarufu duniani. Ni kweli. Kwa hiyo nautaja mfano mwingine, wa hapa hapa Afrika, ambao haukuanza na fedha. Zimbabwe, upande wa Guruve, kuna mahali panaitwa Tengenenge. Palikuwa shamba la tumbaku la Tom Blomefield. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Kizungu ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kutoka Uingereza, vikwazo vya kiuchumi vikafuata, na soko la tumbaku likaharibika. Mchongaji Crispen Chakanyuka ndiye aliyemfahamisha Blomefield kwamba ardhi yake ina jiwe zuri la kuchonga, serpentini, linalotoka katika ule mgongo mrefu wa miamba unaopita katikati ya nchi ile. Mwaka 1966 shamba likaanza kuwa kijiji cha wachongaji. Waliochonga wengi walikuwa vibarua wa mashamba, Wazimbabwe pamoja na watu waliotoka Malawi, Zambia, Angola na Msumbiji. Bernard Matemera alitokea huko, Henry Munyaradzi alitokea huko, na kazi zao zimeingia kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Sanamu zilisimama nje, kwenye majani na chini ya miti, mamia kwa mamia, na mnunuzi alizifuata pale zilipozaliwa.

Tazama hapo chanzo kilikuwa nini: zao lililokosa soko. Mkulima wa zabibu wa Dodoma halazimiki kueleweshwa maana yake. Zabibu ikiiva haisubiri. Upo msimu ambao mnunuzi tuliyemtegemea alichelewa, halafu akaja na bei yake mfukoni, nusu ya ile tuliyokubaliana, na sisi vichala vikiwa vimeanza kunyauka na nyuki wamejaa shambani. Wenye mapipa walisindika mchuzi wa zabibu wakauhifadhi. Wasio nayo walimwaga. Nilimwona mama mmoja jirani yangu akibeba ndoo kwa ndoo kupeleka kwenye shimo la samadi, na hakusema neno. Sisemi kwamba vinyago vitatatua hilo. Soko la zabibu linahitaji viwanda, mikataba inayoheshimiwa na maghala ya baridi. Nasema shamba lenye sababu ya kutembelewa lina watu getini wakati wa mavuno, na mtu aliyetembea saa mbili juani akitazama kazi za mikono ya watu atanunua kreti la zabibu kwa mkulima mwenyewe, atanunua juisi, atakula chakula cha mama lishe wa kijijini, na atarudi na ndugu zake.

Wachongaji tunao. Sihitaji kumweleza msomaji wa gazeti hili Wamakonde ni nani, lakini vijana wengi hawajui kwamba hata mitindo tunayoiona kuwa ya tangu na tangu ina watu walioianzisha. Ule mnara wa watu waliopandiana, unaoitwa ujamaa, unatajwa kuanza na Roberto Yakobo Sangwani katika miaka ya 1950. Vinyago vya mashetani, vyenye jicho moja na viungo vilivyopinda, vinatajwa kuanza na Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka hiyo hiyo. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani wale kwenye mpingo akawapaka rangi kali, akawapeleka kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Hawa hawakuwa watu wa kurudia twiga. Kila mmoja alipata upenyo wa kufanya kitu ambacho hakikuwapo, na wenzake wakamfuata. Upenyo wa namna hiyo kwa kijana wa leo uko wapi?

Sanamu za nje tulizozizoea mijini ni za askari na viongozi. Dar es Salaam tunaye Askari wa shaba, tangu mwaka 1927, na hapa Dodoma tuna ya Mwalimu Nyerere katika uwanja unaobeba jina lake. Zinastahili heshima na nazipenda zote mbili. Ila sanamu ya aina hiyo inatazamwa kutoka chini, inapigwa picha, basi. Mtoto hapewi nafasi ya kuizunguka, kuigusa na kuuliza ni nini. Kumtazama kiongozi ni jambo moja, na kukutana na umbo usilolijua jina katikati ya mizabibu ni jambo jingine, na elimu yetu imetunyima hilo la pili.

Sasa niseme kuhusu jua, mvua na mchwa, kwa sababu ndipo maswali ya wataalamu yatakapoanzia. Jirani yangu ni fundi Mmakonde ambaye wazazi wake walitoka Newala. Tulipoanza mazungumzo haya hakubishana nami kwa maneno. Alichukua vipande vya miti mbalimbali akavichimbia pembeni ya shamba langu, karibu na kichuguu, akaviacha misimu miwili. Tulipovichimbua, mninga ulikuwa umeguguniwa pembeni, mwembe umekwisha kabisa, umebaki ganda lililojaa udongo. Kipande cha mpingo kilikuwa na jambo la kuvutia. Ile sehemu nyeupe ya nje mchwa walikuwa wameila yote kwa nadhifu, hakuna iliyosalia, na kiini cheusi hawakukigusa. Fundi alikifuta kwa kitambaa, akakigonga kwa rungu lake, kikalia kama chuma. Hapo hapo akanionyesha tatizo lenyewe: ufa mwembamba ulioanzia nchani na kufuata urefu wa mti. Adui wa mpingo shambani ni jua kuliko mchwa. Kigogo kibichi ukikichonga na kukisimamisha nje Septemba, kabla ya Krismasi kitakuwa kimepasuka. Kinatakiwa kikaushwe taratibu kivulini, ncha zipakwe nta, na hata hivyo mchongaji achore kazi yake akijua ufa utakuja na aupangie njia. Fundi wangu anasema babu yake alifanya hivyo.

Isitoshe, mpingo hautoshi kwa kazi kubwa za nje. Mti wenyewe ni mwembamba na umepinda, na unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia umbo la kuvunwa. Ukiutumia, utoke mahali panapoeleweka, kwa mfano misitu ya vijiji vya Kilwa iliyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, ambako mwanakijiji analipwa kwa kila gogo. Dodoma ina mali yake. Mawe ya granite yametapakaa kila upande, makubwa kuliko nyumba. Vyuma chakavu vipo, plau zilizokatika, rimu za matrekta, waya na nguzo za mashamba ya zamani. Na tunao akina mama wafinyanzi wa Kigogo, ambao kwa miaka yote niliyofundisha sijawahi kusikia mtu akiwaita wasanii. Chungu kilichochomwa kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe hakitastahimili masika nyingi, lakini kiangazi chetu ni kirefu, na si lazima kila kazi iishi milele. Kazi nyingine inaweza kusimama miezi minne, mvua za Desemba zikaichukua ikarudi kuwa udongo wa shamba, na aliyeifinyanga akalipwa sawa na aliyechonga jiwe.

Yapo mapingamizi mawili ambayo nayaheshimu na sipendi kuyapita juu juu.

Kuna ndugu zangu Waislamu, na Wakristo wa madhehebu kadhaa, ambao hawataki kuhusishwa na mvinyo. Wana haki yao. Zabibu si mvinyo peke yake. Sehemu ya zao letu ni zabibu za mezani, zipo za kukausha, ipo juisi, na shamba langu limemwajiri kwa miaka mingi msimamizi Mwislamu ambaye hajawahi kuonja mvinyo na anazijua zabibu kuliko mimi. Maonyesho haya yanaweza kufanyika bila chupa hata moja kufunguliwa. Ningependa yawe hivyo katika siku za wanafunzi na familia.

Pingamizi la pili ni la wale wanaoona kinyago wakasema uchawi. Nimelisikia darasani, nimelisikia kanisani kwangu. Jibu langu limekuwa moja tu: mlete huyo mwenye hofu akae na mchongaji kutwa nzima. Amwone akigeuza gogo, akipiga tezo, akisimama kunywa chai, akirudi kufuta pale alipozidisha. Hofu huja kwa kukuta kitu kimekwisha kutengenezwa, hujui kimetoka wapi. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka uchongaji ufanyike shambani, watu wakiona.

Suala la malipo na majina halina mjadala kwangu. Hoteli moja hapa mjini ina vinyago vizuri sana ukumbini, vya thamani, na hakuna hata kimoja chenye jina la aliyekichonga. Niliuliza mapokezi, wakaniambia ni vya Kimakonde. Kabila halichongi, anachonga mtu. La Coste kila kazi ina mwenyewe, ramani inamtaja, na hata yule asiyejua kusoma Kifaransa anaondoka na jina moja au mawili kichwani. Hapa kwetu kila kazi iwe na kibao cha bati: jina la mchongaji, alikozaliwa, mwaka, na mti au jiwe alilotumia. Mchongaji alipwe posho ya siku anazofanya kazi shambani, alale na kula kwa heshima, na kazi ibaki mali yake mpaka iuzwe. Mwenye shamba asiigeuze kuwa yake kwa sababu imesimama kwenye ardhi yake. Haya yaandikwe kwenye karatasi na kusainiwa kabla gogo halijashushwa kwenye gari.

Kuhusu wakati, zabibu zetu zina bahati ambayo mashamba ya Ulaya hayana. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kwanza yanaangukia kwenye mvua, barabara za Hombolo hazipitiki vizuri, na ni wakati wa kupulizia dawa za ubwiri mara kwa mara, hatuwezi kuruhusu watoto watembee kati ya mistari. Mavuno ya pili ndiyo yetu. Ardhi ni kavu, mbingu ni safi, mizabibu ina majani na vichala pamoja. Tena mwanzoni mwa Agosti watu wamejaa Dodoma kwa ajili ya Nanenane pale Nzuguni, wakulima kutoka kila mkoa, na wengi siku ya tatu hawajui waende wapi. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 imefanya safari ambayo zamani ilikuwa ya kutwa iwe ya saa chache. Mtu wa Kariakoo anaweza kuondoka asubuhi akatazama vinyago mchana na kurudi kwake kulala.

Naomba basi mambo yafuatayo kwa wahusika. Baraza la Sanaa la Taifa lituletee wachongaji, na wasiwe wenye majina peke yao. Nawataka vijana wa Mwenge, wa Mtwara, waliosoma Bagamoyo, wafinyanzi wa Chamwino, na mafundi wa tembe popote walipo. Kituo cha utafiti cha Makutupora, kinachotupa miche na ushauri, kitusaidie kuamua mahali ambapo shimo la msingi wa sanamu halitaumiza mizizi ya mizabibu. Halmashauri ya Jiji ichonge barabara ya kuingia mashambani kabla ya Agosti na iweke maji ya kunywa njiani. Chuo cha Serikali za Mitaa kiko hapa hapa Hombolo, wanafunzi wake wanaweza kuwa waongozaji wa wageni, na watajifunza jambo la manufaa kuhusu vijiji watakavyokwenda kuvitumikia. Shule za sekondari za wilaya zije bure.

Sisi wakulima tusisubiri kuombwa. Nimezungumza na majirani watatu wenye mashamba yanayopakana na langu, na wote wamekubali njia ya wageni ipite kwao, kuanzia barabarani hadi upande unaotazama bwawa. Mimi natoa sehemu ya chini ya shamba langu, pale kwenye mwamba wa granite ambao baba yangu alishindwa kuupasua, na banda la kulaza vifaa. Mchongaji atakayeuchagua mwamba ule ajue ni mgumu na una mshipa mweupe katikati.

Wanaotaka kuja kuchagua mahali waje mwezi wa tano, tukishamaliza kupogolea. Wakati huo mizabibu imebaki vikonyo na nguzo na waya, ardhi iko wazi, na mtu anaona miteremko na mawe yote yalivyokaa. Juni na Julai wachonge, baridi ikiwapo na jua halijawa kali. Waje na viatu vizito, maana upande wa bwawa mwezi wa tano bado una tope.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma